TCP au UDP? Njia Ambayo Pesa Yako Hupitia, na Kwa Nini Usikimbilie Kulipa Mara ya Pili

Uko dukani. Unga, mafuta, sabuni na maziwa, jumla Sh850. Umeweka namba ya till, umeweka namba ya siri, umebonyeza "Lipa". Halafu kale kaduara kanaanza kuzunguka. Kanazunguka tu. Mwenye duka anaangalia simu yake na kusema, "Bado haijaingia." Nyuma yako foleni imeanza kuguna.

Utangoja ama utaanza upya?

Wengi huanza upya, na hapo ndipo Sh850 hugeuka kuwa Sh1,700. Kisha inaanza kazi ya kupiga simu huduma kwa wateja na kuomba muamala urudishwe, kama aliyepokea atakubali. Usumbufu wote huo ungeepukika ukijua jambo moja: simu yako na mitambo ya malipo huongeaje, na hufanya nini mtandao ukikatika katikati ya mazungumzo.

Jibu linaanzia kwa watu wanaotengeneza programu za simu. Kila programu inayotumia mtandao huchaguliwa njia ya kusafirishia ujumbe wake. Mbili maarufu zaidi ni TCP na UDP. Majina ni ya kihandisi, lakini tofauti yao utaielewa kabla chai yako haijapoa.

Kila kitu husafiri vipande vipande

Picha unayotuma, wimbo unaosikiliza, agizo la kulipa Sh850: hakuna kinachosafiri kikiwa kizima. Simu hukikatakata kuwa vifurushi vidogo viitwavyo pakiti. Kila pakiti hubandikwa anwani ya inakotoka na inakoenda, kisha huachiliwa mtandaoni.

Kumbuka hili: mtandao wenyewe hautoi ahadi yoyote. Pakiti inaweza kufika, kuchelewa, kupotea, kufika mara mbili, au kufika baada ya ile iliyotumwa nyuma yake. Ndiyo maana zinahitajika kanuni za ziada, yaani itifaki, za kuamua nini kifanyike mambo yakienda mrama.

TCP: anayehesabu kila gunia

TCP ilitokana na kazi ya Wamarekani wawili, Vint Cerf na Bob Kahn, waliochapisha wazo lao mwaka 1974. Tarehe 1 Januari 1983, ARPANET, mtandao uliozaa intaneti ya leo, ulihamia rasmi kwenye mfumo huo.

Fikiria unamtumia ndugu yako magunia kumi ya mahindi kutoka Kitale hadi Nairobi, kila moja kwa gari tofauti. Kwanza unampigia kuhakikisha yuko tayari kupokea. Kila gunia unaliandika namba. Kila likifika, anakupigia: "La kwanza limefika. La pili limefika." Akinyamaza kuhusu la tatu, unatuma lingine la tatu. Likija mara mbili, anaona namba na kuliweka kando la ziada. Na kama la nne na la tano yametangulia la tatu, anayaweka pembeni kwanza hadi la tatu lije, ndipo ayafungue kwa mpangilio.

Hivyo ndivyo TCP inavyofanya kazi. Inaanza kwa salamu ya hatua tatu: simu inabisha, seva inaitikia, simu inathibitisha kwamba imesikia. Kisha kila kipande hupewa namba na kufuatiliwa hadi kifike.

Uangalifu huo una gharama yake, ambayo ni muda. Kipande kimoja kikipotea, vilivyo nyuma yake vinangojea hata kama vimeshafika. Na kama hakuna jibu kabisa, TCP haipigi kelele bila kikomo. Kwa kawaida muunganisho mpya huanza kwa kungoja sekunde 1 kabla ya kurudia, kisha 2, kisha 4, kisha 8. Ukijumlisha, sekunde 15 zimepita kwa majaribio manne tu. Hii ndiyo sababu wakati mwingine unaona alama za mtandao zimerudi juu ya kioo, lakini kaduara bado kanazunguka. Simu haijalala. Inasubiri zamu yake ya kujaribu tena.

UDP: mtangazaji wa mpira

UDP iliandikwa rasmi mwaka 1980 na Jon Postel. Ni nyepesi kweli kweli. Maelezo yanayobandikwa juu ya kila pakiti huchukua baiti 8 tu, wakati TCP inahitaji angalau 20. Haina salamu ya kuanza, haina namba za mpangilio, na haiulizi kama ujumbe umefika.

Ifananishe na mtangazaji wa mpira redioni. Anatangaza mfululizo. Redio yako ikikwaruza sekunde mbili na ukakosa pasi moja, hatarudi nyuma kukurudilia wewe peke yako. Na kusema kweli hungetaka arudi, kwa sababu mpira umeshasonga. Afadhali ukose pasi moja kuliko kusikia bao dakika tano baada ya majirani kushangilia.

Kwa hivyo tusiione UDP kama itifaki ya wavivu. Simu za sauti na video kupitia intaneti huitegemea sana. Ukiongea na dada yako aliye Doha na neno moja likapotea, utamwambia tu, "Hebu rudia." Lakini kama kila neno lililopotea lingesubiriwa lifike, mazungumzo yangekuwa ya kushikashika, kila mmoja akimkata mwenzake. Michezo ya mtandaoni pia huipenda UDP kwa sababu hiyo hiyo. Hata ile kazi ya kutafuta anwani ya tovuti unapoandika jina lake kwa kawaida hutumia UDP: swali fupi, jibu fupi, na likipotea unauliza tena.

Mtengenezaji wa programu huchaguaje?

Ukiondoa lugha ya kitaalamu, swali lenyewe ni moja: kwa huduma hii, ni kipi kibaya zaidi, kuchelewa au kukosekana?

- Simu ya video: kuchelewa ni kubaya zaidi. UDP.
- Mchezo wa mtandaoni unaokimbia: kuchelewa ni kubaya zaidi. UDP.
- Fomu ya kuomba kazi uliyopakua: ukurasa mmoja ukikosekana, fomu haina maana. TCP.
- Taarifa ya miamala yako ya mwezi: mstari mmoja ukikosekana, hesabu haikubali. TCP.
- Agizo la kulipa: herufi moja ikipotea, Sh8,500 inaweza kusomeka Sh850. Hapa hakuna mjadala. Lazima kila kitu kifike, kizima na kwa mpangilio.

Kwa malipo, basi, kungoja sekunde chache ni bei ndogo ya kulipia uhakika. Kaduara kakizunguka, mara nyingi ni uangalifu unaofanya kazi yake.

QUIC: mtoto wa UDP mwenye tabia za TCP

Kuna mwenzao mpya anayeitwa QUIC. Alianza Google mwaka 2012, akibuniwa na Jim Roskind, na mwezi Mei 2021 akakubaliwa kuwa kanuni rasmi ya intaneti. Toleo jipya la lugha ya tovuti, HTTP/3, lililotoka rasmi 2022, husafiri juu yake.

QUIC hupanda mgongoni mwa UDP, lakini hubeba kazi ambazo UDP haifanyi: kuhesabu pakiti, kurudia zilizopotea, na kufunga ujumbe kwa msimbo wa siri ili asiyehusika asiusome. Inasaidia mahali pawili ambapo sisi Wakenya tunapahisi kila siku.

Kwanza, umbali. Kutoka Nairobi hadi London ni kama kilomita 6,800 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya waya wa kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hivyo kwenda na kurudi ni angalau milisekunde 68, na nyaya halisi huzunguka zaidi ya hapo. Ukitumia TCP pamoja na ulinzi wa kisasa, unaenda na kurudi mara moja kwa salamu, mara moja kwa kupatana siri, na mara moja kwa ombi lenyewe. Hizo ni milisekunde 204. QUIC huunganisha salamu na siri kuwa safari moja, ikabaki 136. Utasema tofauti ni ndogo, na kwenye mtandao mzuri ni kweli. Lakini kwenye mtandao mbovu, ambapo kila safari inaweza kupotea, kupunguza safari ni kupunguza nafasi za kukwama.

Pili, kuhamahama. Umepanda matatu yenye Wi-Fi, umeshuka stegi, na simu imerudi kwenye bando lako. Anwani ya simu yako mtandaoni imebadilika. TCP hutambua mazungumzo kwa anwani za pande zote mbili, kwa hivyo anwani ikibadilika mazungumzo yanakufa na lazima yaanze upya. QUIC hutambua mazungumzo kwa kitambulisho chake chenyewe, kama mtu anayejulikana kwa jina badala ya nyumba anayoishi. Akihama, bado ni yule yule, na mazungumzo yanaweza kuendelea.

Na sisi tunaotumia USSD je?

Wengi hulipa kwa kubonyeza nyota, namba, kisha alama ya reli. Hapo intaneti haihusiki kati ya simu yako na mtandao, kwa hivyo hakuna TCP wala UDP upande huo. USSD hupita kwenye njia zile zile ambazo simu hutumia kuwasiliana na mnara. Ndiyo maana inafanya kazi hata kwenye kabambe, na hata bando likiwa limeisha. Ujumbe mmoja wa USSD hubeba herufi 182 tu, na mazungumzo yake ni ya moja kwa moja: ukikawia kujibu, au mtandao ukiyumba, kikao kinafungwa.

SMS ni tofauti. Herufi zake ni 160, na haihitaji simu yako iwe hewani wakati inapotumwa. Hukaa kwenye kituo cha mtandao ikikungoja, kisha inakufikia ukipatikana. Njia hii imetubeba kwa muda mrefu. M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, simu nyingi hazikuwa na intaneti. Menyu yake ilikaa ndani ya laini, na maagizo yalisafiri kwa SMS zilizofungwa kwa msimbo wa siri.

Kuna funzo hapa la kubeba nyumbani. Malipo ni kitu kimoja, na SMS ya kuthibitisha ni kitu kingine. Pesa inaweza kuwa imeshahama huku ujumbe ukiwa bado umekaa kituoni. SMS kuchelewa si ushahidi kwamba malipo yamekataa.

Pale ambapo hata TCP hufika mwisho wa uwezo

Tumesema TCP huhakikisha kila kipande kinafika. Mbona basi watu bado hulipa mara mbili?

Turudi kwa ile Sh850, hatua kwa hatua. Simu yako inatuma agizo na linafika salama. Mitambo inakata Sh850 kwako na kumwongezea mwenye duka. Kisha inatuma jibu: "Imekubali." Sekunde hiyo hiyo, mtandao wako unapotea na jibu linapotelea njiani. Simu inajua jambo moja tu: haijapata jibu. Haiwezi kutofautisha kati ya "agizo halikufika" na "agizo lilifika, likatekelezwa, ila jibu limepotea". Kwa simu, hali hizi mbili zinafanana kama sarafu na sarafu.

Wanasayansi wa kompyuta wana kisa maarufu kuhusu shida hii, kilichopewa jina na Mmarekani Jim Gray mwaka 1978. Majenerali wawili wako kwenye vilima viwili, adui yuko bondeni katikati. Wakishambulia pamoja watashinda, mmoja akienda peke yake ataangamia. Wa kwanza anatuma mjumbe: "Tushambulie alfajiri." Lakini mjumbe anaweza kukamatwa, kwa hivyo anahitaji jibu. Wa pili anajibu, lakini naye hajui kama jibu lake limefika, kwa hivyo anahitaji jibu la jibu. Na hivyo hivyo bila mwisho. Imethibitishwa kihesabu kwamba hakuna idadi ya ujumbe itakayowafanya wote wawili wawe na uhakika kamili. Hakuna itifaki ya usafirishaji, iwe mpya ama ya zamani, inayoweza kuifuta shida hii.

Mwaka 1984, Jerome Saltzer, David Reed na David Clark wa chuo cha MIT walichapisha hoja iliyowaongoza wahandisi tangu hapo: uhakika wa aina fulani hauwezi kutolewa na njia ya katikati, lazima utolewe na pande mbili za mwisho. Kwa lugha yetu: barabara nzuri itakufikishia mzigo, lakini kuhesabu mzigo ni kazi ya anayetuma na anayepokea.

Wajenzi wa mifumo ya malipo hufanyaje basi? Dawa ni rahisi: kila agizo hupewa namba yake ya kipekee kabla halijatumwa. Simu isipopata jibu, inatuma tena agizo lile lile lenye namba ile ile. Mitambo ikiona namba hiyo, inaangalia daftari lake: "Hii nilishaifanya." Haikati pesa tena, inarudisha tu jibu la mwanzo. Programu iliyojengwa hivi inaweza kurudia mara kumi, na pesa ikatoka mara moja tu.

Sasa shika hapa, maana ndipo penye hatari. Programu ikirudia yenyewe, hutumia namba ile ile. Lakini wewe ukitoka, ukaingia tena, ukaweka till na kiasi upya, unatengeneza agizo jipya lenye namba mpya. Mitambo haiwezi kujua kwamba nia yako ni ile ile. Huenda umetaka kununua pakiti mbili za unga. Baadhi ya mifumo husimamisha malipo mawili yanayofanana yakija kwa kufuatana, lakini usiweke matumaini yako yote hapo. Ukibadilisha kiasi hata kwa shilingi moja, kinga hiyo haikuoni.

Kwa hivyo, ufanye nini?

*Ukiwa unalipa:*

1. Usianze upya mara moja. Mpe mtandao dakika moja au mbili. Kama uko mahali pabovu, sogea nje ya jengo kidogo.
2. Angalia salio kabla ya kurudia. Kama lilikuwa Sh2,000 na sasa linasoma Sh1,150, malipo yamepita. Usisahau ada ya muamala kama ipo.
3. Angalia orodha ya miamala ya hivi karibuni. Namba ya muamala ikiwepo, mwonyeshe mwenye duka. Hiyo ndiyo risiti yako.
4. Kama intaneti inasumbua, tumia USSD kuangalia salio, maana njia zao ni tofauti. Itumie kuangalia kwanza. Kulipa kuje baadaye.
5. Ukiona umelipa mara mbili, toa taarifa mapema kupitia huduma kwa wateja, ukiwa na namba zote mbili za miamala. Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri, hata akijitambulisha kuwa anakusaidia kurudisha pesa.

*Ukiwa unauza:*

1. Usitegemee SMS peke yake. Ujumbe unaweza kuchelewa, na matapeli hutunga ujumbe unaofanana na wa kweli. Angalia salio la till yako au orodha ya miamala.
2. Usimwambie mteja "tuma tena" kabla ya nyinyi wawili kuangalia. Kumrudishia pesa kesho kutakupotezea muda na kumpunguzia imani.
3. Linganisha namba za miamala kila jioni. Malipo mawili ya kiasi kimoja, kutoka namba moja ya simu, ndani ya dakika chache, yanastahili kupigiwa simu mteja.

*Ukiwa unajenga mfumo wa kupokea malipo:*

Kwa vijana wanaotengenezea maduka, shule na chama mifumo yao: chagua TCP au QUIC na usibuni itifaki yako ya kurudia pakiti. Hiyo kazi imeshafanywa vizuri. Nguvu zako ziweke kwenye namba ya kipekee ya kila agizo. Itengeneze mara moja mteja anapobonyeza "Lipa", ihifadhi kabla ya kutuma, na itumie hiyo hiyo kila unaporudia. Zima kitufe kikishabonyezwa. Na jibu likikosekana, usiandike "Malipo yamekataa" kama hujui. Andika "Bado tunathibitisha, tafadhali usilipe tena," kisha uulize mitambo hali ya agizo hilo. Sentensi hiyo moja itawaokolea wateja wako pesa nyingi kuliko kasi yoyote utakayoongeza.

Wahandisi wamechagua njia, na wameweka namba kwenye kila agizo. Hatua iliyobaki wanaikuachia wewe: angalia salio kwanza, kisha uamue. Mtumie makala haya mwenye duka wako wa karibu, na yule rafiki ambaye hubonyeza mara tatu kwa hasira. Umejua ni nani.